Injini ya Mnyonge

Kila anayebuni mashine hubuni pia watu wa kuitumia. Mara nyingi sehemu hiyo ya pili haiandikwi. Hubaki kifuani mwa fundi, naye akifa huzikwa nayo. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyeipa dunia injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, ni miongoni mwa wachache walioziandika zote mbili. Mwaka 1893 alichapisha kitabu cha nadharia ya injini yake. Mwaka 1903 akachapisha kingine, Solidarismus, kilichoeleza namna wafanyakazi wangeweza kuchangishana, wakamiliki viwanda vyao wenyewe na kutoka katika unyonge. Kitabu cha kwanza kilizaa injini inayovusha leo shehena za dunia baharini. Cha pili hakikupata wasomaji. Wengi wanaosimulia maisha yake hukipita haraka, wakikiona kuwa ni dosari ya mtu hodari aliyejiingiza katika mambo yasiyo yake. Mimi nadai kwamba vitabu hivyo viwili havisomeki kimoja bila kingine. Diesel alifanikiwa katika chuma kwa sababu alikubali chuma kimkosoe. Alishindwa katika kusudi lake la kijamii kwa sababu hakulipeleka kwenye majaribio hata mara moja. Tofauti hiyo inatuhusu Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa, maana injini yake ilipofika vijijini ilikuja na swali ambalo yeye hakulijibu: nani atakuwa mwenye nayo?

Kusudi hilo lilikuwa na chimbuko. Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, mtoto wa wahamiaji kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa mjalidi wa vitabu na mtengenezaji wa bidhaa za ngozi katika karakana ndogo. Vita ya Ufaransa na Wajerumani ilipozuka mwaka 1870, familia ililazimika kuondoka, ikaangukia London katika dhiki, na kijana akapelekwa Augsburg kwa jamaa aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Baadaye alisoma chuo cha ufundi cha Munich, ambako mwalimu wake Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya baridi, aliwafundisha kwamba injini ya mvuke hugeuza kuwa kazi sehemu ndogo mno ya joto la makaa ya mawe, kama asilimia 6 hadi 10. Lililobaki hupotea bure. Hasara hiyo haikuwagusa watu wote sawasawa. Mvuke unadai boila, bomba la moshi na mtu wa kuchochea moto kutwa nzima, na kadiri injini ya mvuke inavyokuwa ndogo ndivyo upotevu wake unavyozidi. Tajiri wa kiwanda cha nguo aliweza kuubeba mzigo huo. Mjalidi mwenye chumba kimoja hakuweza. Kwa hiyo mvuke ulimpa nafuu aliyekwisha kuwa mkubwa, ukamsukuma fundi mdogo aache karakana yake na kwenda kuajiriwa mjini. Diesel aliliona hilo, na katika kitabu cha 1893 alisema wazi kwamba ingefaa kazi ndogo ndogo zitawanywe hadi pembezoni mwa miji na mashambani, badala ya kurundikwa mahali pamoja. Injini isiyopoteza joto na injini ya fundi mdogo, akilini mwake, zilikuwa kitu kimoja.

Tuanze na ile nusu aliyoijaribu. Nadharia aliyoiombea hataza Februari 1892 ilidai mambo mawili. Kwanza, hewa peke yake igandamizwe ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche wala moto wa nje. Pili, mafuta yaingizwe kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho kuungua kwao hakutalipandisha tena joto wakati pistoni inarudi, ili injini ikaribie ukamilifu ambao Mfaransa Sadi Carnot alikuwa ameueleza mwaka 1824. Dai la kwanza lilikuwa sahihi. La pili lilikuwa kosa. Ili litimie, hewa ingepaswa kubanwa hadi shinikizo la mara 250 ya lile la kawaida, na injini ingemaliza karibu nguvu zake zote katika kujibana yenyewe, isibaki na kitu cha kumpa mwenye kazi. Diesel aliligundua hilo alipopiga hesabu upya, akaingia karakanani Augsburg, na baada ya majaribio ya mwanzo akaomba hataza nyingine iliyompa nafasi ya kuchoma mafuta kwa namna tofauti. Tarehe 10 Agosti 1893, mafuta yalipoingizwa kwa mara ya kwanza, yaliwaka kwa kishindo kikavunja kipimo cha shinikizo. Injini haikuzunguka kwa nguvu zake, lakini jambo moja lilithibitika: hewa iliyobanwa huwasha. Tarehe 17 Februari 1894 ilijiendesha yenyewe kwa dakika moja, mizunguko 88. Ndoto yake ya awali ya kutumia vumbi la makaa kama mafuta ikawekwa kando. Njia ya kupuliza mafuta ndani ya silinda ikabadilishwa mara kadhaa, na mtambo ukaundwa upya. Hatimaye tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich akaja kuipima injini yenye nguvu ya farasi wapatao 20, akakuta inageuza asilimia 26.2 ya joto kuwa kazi. Hakuna injini ya joto iliyokuwa imefika hapo.

Wapo waliosema, na bado wapo, kwamba safari hii inamvua Diesel heshima badala ya kumvika. Mwaka 1913 profesa Johannes Lüders wa Aachen alitoa kitabu kizima kudai kwamba umaarufu wa Diesel ni hekaya: injini iliyojengwa Augsburg siyo iliyoandikwa kwenye hataza, na nadharia iliyomletea sifa ilikuwa imekwisha kutupwa. Waingereza nao walimtaja Herbert Akroyd Stuart, aliyekuwa na injini yake ya mafuta tangu 1890. Pingamizi la Stuart linajibika kwa urahisi: injini yake ilihitaji kichwa cha silinda kipashwe moto kwanza, na mgandamizo wake ulikuwa mdogo; kilichokuwa kipya kwa Diesel ni kutegemea joto la hewa iliyobanwa sana peke yake. Pingamizi la Lüders ni zito zaidi, kwa sababu ni la kweli. Injini ya 1897 haikuwa ya 1892. Lakini ukweli huo unathibitisha nini? Unathibitisha kwamba mtu aliyekuwa na nadharia nzuri kwenye karatasi aliiacha ipigwe na moto na chuma kwa miaka minne, akabakiza kilichohimili na kuacha kilichoshindwa. Wenye nadharia zilizokosea walikuwa wengi katika karne ile. Waliokubali kusahihishwa bila kuliacha lengo walikuwa wachache. Tukitaka kumlaumu Diesel, lawama iko katika kuficha mabadiliko hayo, maana mbele ya watu aliendelea kuzungumza kana kwamba injini ilitoka kichwani mwake ikiwa kamili. Ufichaji huo ulimgharimu, kwa kuwa ulimfanya aamini, au aonekane kuamini, kwamba wazo zuri hujitimiza lenyewe.

Sasa tuitazame nusu ya pili. Kama alivyokadiria shinikizo, Diesel angeweza kukadiria mambo mengine: fundi seremala atainunuaje injini hii, kwa mkopo wa nani, nani ataitengeneza ikiharibika, na leseni ipewe nani ili bei ishuke. Hakuna dalili kwamba alilifanyia hilo jaribio lolote. Majaribio ya Augsburg yaligharimiwa na kiwanda cha mitambo cha mji huo, chini ya Heinrich von Buz, pamoja na Krupp wa Essen, mfua chuma na mizinga mkubwa kuliko wote Ujerumani, aliyemlipa Diesel marki 30,000 kwa mwaka. Haki za Marekani zilinunuliwa na Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa St. Louis, kwa marki milioni moja. Za Urusi zilikwenda kwa Emanuel Nobel, mwenye visima na meli za mafuta. Mwaka 1898 Diesel aliziuza hataza zake kwa kampuni iliyoundwa kuzisimamia, kwa marki milioni 3.5. Hakuna ubaya wowote katika kuuza. Hata hivyo, kila mkataba ulikuwa unaamua injini hiyo itakuwa ya nani, na kila mara jibu lilikuwa mtu aliyekwisha kuwa na mtaji, eneo na soko. Matokeo yalifuata mikataba. Mteja wa mwanzo kabisa alikuwa kiwanda cha viberiti cha Kempten. Mwaka 1903 injini ilikuwa ndani ya meli ya mafuta ya Nobel kwenye mto Volga. Mwaka 1912 meli ya Kidenmaki, Selandia, ilitoka Copenhagen kwenda Bangkok kwa dizeli. Na miaka miwili baadaye Vita Kuu ilipoanza, nyambizi mpya za Ujerumani zilikuwa zikisukumwa na injini ya mtoto wa mjalidi.

Hapa patatokea pingamizi kubwa kuliko yote: kwamba mikataba haikuamua kitu, kwa kuwa injini yenyewe kwa asili yake ni ya wakubwa. Mgandamizo mkubwa unadai chuma kizito na usahihi wa hali ya juu. Chuma kizito na usahihi ni ghali. Ghali hununuliwa na matajiri. Hoja hii ina uzito kwa injini ya wakati wa Diesel. Ili kupuliza mafuta ndani ya silinda iliyojaa hewa iliyobanwa, yeye alitumia hewa nyingine iliyobanwa zaidi, iliyohitaji kompresa ya pembeni. Kompresa hiyo ilikuwa nzito, yenye kuharibika mara kwa mara, na ilikula sehemu ya nguvu za injini. Katika meli hilo lilivumilika. Kwenye kibanda cha seremala halikuwezekana. Ila kompresa haikuwa sharti la milele. Mafundi wengine walitafuta njia ya kuyasukuma mafuta moja kwa moja kwa pampu, na mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kuuza pampu za namna hiyo zilizotengenezwa kwa wingi. Karibu na mwaka 1930 kiwanda cha Lister cha Dursley, Uingereza, kilikuwa kikitoa injini ya dizeli ya silinda moja, yenye nguvu ya farasi 5, inayozunguka taratibu na inayoweza kufunguliwa na fundi wa kijijini kwa spana chache. Asili ya injini, kumbe, ilikuwa bado inaandikwa. Iliandikwa kwa kufuata anayelipia utafiti, na kwa miaka thelathini waliolipa walitaka meli na viwanda. Kuchelewa kwa injini ndogo kunaonyesha nguvu ya mikataba ileile niliyoitaja.

Diesel hakuwa amelisahau kusudi lake. Solidarismus kilipendekeza wafanyakazi wachangie senti chache katika mfuko mmoja mkubwa, mfuko huo udhamini mikopo, na mikopo ianzishe makampuni ya ushirika aliyoyaita mizinga ya nyuki. Mwanawe Eugen, aliyeandika maisha ya baba yake, amesimulia kwamba mzee aliliona suluhisho hilo kuwa tunu kubwa kuliko injini. Kinachoshangaza ni namna mtu huyu alivyobadilika alipotoka chuma kwenda kwa watu. Kwa injini alikubali kuanza na silinda moja mbovu. Kwa jamii alitaka mfumo mzima, wa taifa zima, uliokamilika kwenye karatasi, usiopitia hata mzinga mmoja wa majaribio katika mtaa mmoja wa Augsburg, ingawa alikuwa na fedha za kuuanzisha. Fedha hizo ziliingia katika nyumba ya kifahari Munich, viwanja na hisa zilizoanguka. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka ndani ya meli Dresden akielekea Harwich kutoka Antwerp. Maiti yake ilionekana baharini siku chache baadaye, na familia ikagundua kwamba deni lilikuwa limeizidi mali. Watu wamebuni visa vingi vya wauaji kuhusu usiku huo. Havihitajiki ili kuelewa kilichomsibu: aliishi katikati ya biashara ambayo hakuwahi kuifanyia hesabu kama alivyoifanyia hewa.

Injini aliyoiota ilikuja kuonekana mbali na kwao. Kwa miongo kadhaa, katika maelfu ya vijiji vya Tanzania, Kenya na Uganda, dizeli ya kwanza kufika haikuvuta treni wala meli. Ilizungusha mashine ya kusaga. Lister kutoka Uingereza, na baadaye nakala zake zilizoundwa India, zilifungwa kwenye sakafu ya saruji chini ya bati, mkanda ukavutwa hadi kwenye kinu cha chuma, na debe la mahindi likawa unga kwa muda mfupi. Kazi hiyo kabla ya hapo ilikuwa ya mikono ya wanawake na mchi, saa nyingi kila juma. Kama kuna mahali ambapo injini ndogo ilimtua mnyonge mzigo, pembezoni na mashambani kama alivyotaka Diesel, ni hapo. Na hapo ndipo mtetezi wa mashine atasema: mbona basi unahangaika na umiliki? Mwanamke aliyetua mchi amepata nafuu, iwe mashine ni ya mwenye duka, ya ushirika au ya shule. Nakubali, tena bila shingo upande. Nafuu ya mgongo ni nafuu ya kweli, na yeyote anayeidharau kwa ajili ya nadharia hajawahi kuiwazia kazi yenyewe. Lakini nafuu hiyo ilikuwa na bei iliyopangwa mahali, na iliendelea kuwepo kwa kadiri mafuta na vipuri vilivyopatikana. Bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, mwenye kinu wa kijijini aligundua kwamba anamiliki injini na hamiliki kinachoizungusha. Udogo wa mashine haukuwa umemtoa katika mikono ya wakubwa. Ulikuwa umeisogeza mikono hiyo mbali zaidi, asiione.

Mafuta hayo yana kisa chake, na kisa hicho kinaigusa Afrika moja kwa moja. Katika Maonyesho ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli iliyotumia mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyoyafikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga hustawi, ili nguvu ya kuendesha mitambo ipatikane papo hapo bila kusafirisha makaa. Mwaka 1912 alitabiri kwamba mafuta ya mimea, ingawa wakati huo yalionekana kitu kidogo, yangeweza siku moja kuwa na uzito sawa na petroli. Ukisoma utabiri huo peke yake, ni ukombozi mtupu: mkulima analima mafuta yake. Ukiusoma pamoja na historia, unaona swali lilelile likirudi. Mwaka 1947 Uingereza ilipeleka Kongwa, Urambo na Nachingwea matrekta mazito, ya dizeli yakiwemo, kufyeka mapori ya Tanganyika na kupanda karanga. Mafuta yake yalikuwa ya meza za Uingereza, mpango ulisimamiwa kutoka London, na uliposambaratika ulikuwa umemeza pauni zipatazo milioni 36. Miongo sita baadaye, wimbi la mbono lilipovuma, kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe ili izalishe mafuta ya dizeli kutokana na mbegu. Ilifunga mwaka 2011, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi waliyokuwa wameitoa. Karanga na mbono vingeweza kuota katika shamba la mtu mmoja mmoja na kuendesha kinu cha kijiji. Kilichoamua visiende huko ni mpangilio wa nani anatoa ardhi, nani anaamua na nani anachukua.

Itasemwa kwamba sisi tulilijaribu suala la umiliki, tena kwa ujasiri kuliko Diesel. Ni kweli. Mwezi wa Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ya Tanzania ilitaifisha kampuni kubwa za kusaga nafaka, likazaliwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Vijiji vya ujamaa vilihimizwa kuwa na mashine zao, na fikra ya Rais Nyerere ya watu kumiliki pamoja njia za kujipatia riziki ingeeleweka vizuri na mwandishi wa Solidarismus. Hata hivyo lililofanyika lilifanana na kitabu cha 1903 kuliko karakana ya 1893. Mfumo ulitangazwa kwa nchi nzima kabla haujapimwa sana kwa udogo: mashine ya pamoja yenye msimamizi asiyelipwa, bei iliyopangwa bila kuhesabu kipuri kitakachokatika mwakani, hesabu zisizosomwa hadharani. Pale iliposimama, wengi walihitimisha kwamba umiliki wa pamoja hauwezekani. Hitimisho hilo ni sawa na kutangaza Agosti 1893 kwamba injini ya Diesel haiwezekani kwa kuwa kipimo kimevunjika. Kipimo kikivunjika, fundi huuliza kilivunjika kwa nini, kisha huunda tena kwa marekebisho. Vikundi vya wanawake vinavyoendesha vinu vyao leo, vikiwa na daftari la mapato, akiba ya vipuri na zamu zinazojulikana, vinafanya kazi ambayo Diesel aliiruka.

Kazi hiyo ina haraka sasa, kwa sababu injini ya mnyonge inabadilika tena. Mitambo midogo ya jua inaingia majumbani na mashambani kwa malipo ya kila siku kupitia simu, na mkopaji akichelewa inaweza kuzimwa kutoka mbali. Kifaa kiko juu ya bati la mtu. Swichi iko kwa mwingine. Hilo halitoshi kukikataa kifaa, kama vile Lister haikustahili kukataliwa kwa sababu ya bei ya mafuta. Linatosha kudai kwamba mkataba upimwe kwa ukali uleule unaotumika kupima mtambo: kwa miaka yote ya deni mnunuzi atakuwa amelipa kiasi gani, akimaliza atabaki na nini, nani anaruhusiwa kukifungua na kukitengeneza, na kampuni ikifilisika nani atakiwasha. Mwaka 1897 Diesel alimwita mtu wa nje, akampa vipimo vyote, akakubali kuishi na nambari atakayoiandika. Asilimia 26.2 iliaminika kwa sababu hiyo. Mikataba yake hakumwita mtu kuipima, na hiyo ndiyo iliyoamua injini iende kwa nani.